Pumu ya ukubwani: "Kwa nini nililala vizuri msibani Songea?"

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 44, naishi Morogoro. Utotoni sikuwa na pumu na kwetu hakuna mwenye nayo. Mwaka jana mwezi wa tano nilianza kukohoa usiku, hasa saa tisa, kifua kinabana na kulia filimbi. Nimetibiwa nimonia mara tatu. Nimepima makohozi, hakuna TB. Mwishowe nikaambiwa ni pumu, nikapewa pampu ya bluu ya Ventolin. Inanisaidia, ila sasa namaliza moja kila mwezi. Jirani ananiambia pampu inazoeleka, niiache nitumie habasoda na asali. Nafanya kazi bekari mwaka wa sita sasa, upande wa kukanda. Mwezi wa saba nilikwenda msibani Songea wiki mbili, baridi kali, nikajua huko ndiko nitakakofia, lakini nililala usiku kucha. Je, mtu mzima anaweza kuanza pumu? Na nitapona?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Pole na msiba, na pole na hizo saa tisa za usiku.

Swali lako la kwanza acha nilijibu upesi ili lisiendelee kukusumbua. Ndiyo, pumu inaweza kumwanza mtu akiwa na miaka 30, 44, hata 70, bila kuwa nayo utotoni na bila ndugu hata mmoja mwenye nayo. Ile imani kwamba pumu ni ya watoto au ya kurithi tu imewachelewesha watu wengi, wewe ukiwa mmoja wao: nimonia mara tatu, huku kifua kinalia filimbi, ilipaswa kumshtua mtu mapema zaidi.

Lakini barua yako ina sentensi moja uliyoiandika kama ya kupita tu, nami nimeirudia kuisoma mara tatu. Ulikwenda Songea wiki mbili, ukalala usiku kucha.

Hebu tuitazame. Baridi ya Songea mwezi wa saba inajulikana. Msibani watu hulala kwenye mikeka, wengi chumba kimoja, na moshi wa kuni za kuwapikia waombolezaji unaanza alfajiri hadi usiku. Kwa mwenye pumu hayo yote ni ya kumzidishia, lakini wewe ulipata nafuu. Maana yake kuna kitu ulikiacha Morogoro, na kitu hicho ndicho kinachokubana. Kinaweza kuwa cha nyumbani: godoro, paka, ukungu wa ukutani. Lakini mtu anayekanda unga wa ngano siku sita kwa wiki, mwaka wa sita huu, mimi namwangalia unga kwanza.

Vumbi la unga ni miongoni mwa visababishi vya pumu ya kazini vinavyojulikana zaidi duniani. Mwaka 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika kwamba waokaji na wasagaji hukohoa, sauti hukauka na hatimaye hubanwa na pumzi kwa sababu ya vumbi hilo. Huyo huyo aliwaambia madaktari wenzake kwamba juu ya maswali yote wanayomuuliza mgonjwa, waongeze moja: kazi yako ni ipi? Makadirio ya wataalamu wa mapafu ni kwamba kati ya watu 100 walioanza pumu ukubwani, takribani 15 kazi ndiyo iliyochangia. Umeonwa na wahudumu wangapi tangu mwezi wa tano? Sioni kwenye barua yako kama kuna aliyekuuliza.

Siwalaumu kutoka mbali, kwa sababu nami nimelifanya kosa hilo. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilimtibu fundi seremala mmoja kwa miezi 14. Kila alipokuja nilimwongezea dawa, na kila alipoondoka niliona nimefanya la kufanya. Siku moja alikuja moja kwa moja kutoka karakana, na aliponipa mkono niliona vumbi la mvule limejaa kwenye mikunjo ya viganja na kwenye nyusi zake. Ndipo nilipouliza. Vumbi la mvule linajulikana kabisa kuleta pumu. Miezi 14 nilikuwa namtibu kifua kila mwezi na kumrudisha kwenye vumbi lile lile, na mapafu yake hayakurudi tena kama yalivyokuwa. Tangu hapo kila mtu mzima anayenijia na kifua kinacholia namuuliza kazi kabla sijamwekea kipimo kifuani.

Sasa nikueleze jinsi inavyotokea, maana najua utajiuliza: kama ni unga, mbona miaka minne ya kwanza sikuumwa? Kwa sababu huu ni mzio, na mzio hujengeka polepole. Kinga ya mwili inaukuta unga miezi na miaka, halafu kwa baadhi ya watu inaanza kuuhesabu kuwa adui. Kinachopingwa si ngano peke yake. Ile poda ya kulainisha na kuumua mkate inayochanganywa kwenye unga mara nyingi ina kimeng'enya kiitwacho amilezi, kinachotengenezwa kwa ukungu, na chenyewe ni chanzo kikubwa cha mzio kwa waokaji. Kwa kawaida pua hutangulia. Jiulize kama mwaka mmoja au miwili kabla ya kukohoa ulikuwa unapiga chafya kazini, pua inachuruzika, macho yanawasha, na wewe ukasema ni mafua yasiyoisha. Ukikumbuka kwamba ndivyo, hiyo ni dalili nyingine nzito.

Na kwa nini ubanwe saa tisa usiku, wakati unga umeuacha kazini? Njia za hewa zenye mzio mara nyingi hujibu kwa awamu mbili: ya kwanza ndani ya dakika chache, ya pili saa nne, nane au zaidi baadaye, na hii ya pili ndiyo yenye uvimbe. Wengine hawaipati ile ya kwanza kabisa. Hivyo mtu anatoka kazini mzima, anapika, anakula, analala, kisha kifua kinambana akiwa kitandani kwake, naye analaumu feni, baridi au mto. Wengi hufichwa ukweli hapo. Mwanzoni hata siku moja ya mapumziko huleta nafuu. Ugonjwa ukikomaa, siku moja haitoshi tena, zinahitajika wiki nzima au mbili, ndiyo maana Jumapili zako hazikukuonyesha kitu lakini Songea imekuonyesha.

Hata hivyo, dhana yangu si kipimo. Nataka mambo mawili yafanyike. La kwanza ni kuthibitisha kwamba kweli ni pumu. Kwenye hospitali ya rufaa omba kupimwa kwa spairometa: unapuliza kwa nguvu, unapewa salbutamoli, ndiyo dawa iliyomo kwenye Ventolin yako, unasubiri dakika 15, unapuliza tena. Hewa unayotoa katika sekunde ya kwanza ikiongezeka kwa asilimia 12 au zaidi, na ongezeko lenyewe lisiwe chini ya mililita 200, hiyo inaunga mkono pumu. Wakati huo huo daktari atatazama mengine yanayofanana nayo: moyo uliochoka, ambao nao huwaamsha watu usiku wakihema, mapafu yaliyoharibiwa na miaka mingi ya moshi wa kuni au sigara, kiungulia kinachopanda. TB nayo, hata kama makohozi yalikuwa safi, ikiwa unapungua uzito au unatoka jasho usiku, rudi upime. Mwambie pia dawa zote unazotumia. Baadhi ya dawa za presha, kama enalapril na kaptopril, huleta kikohozi kikavu, na propranololi inaweza kumbana vibaya mwenye pumu. Kama ukimeza aspirini, diklofenaki au ibuprofeni unabanwa, hilo useme hata kama hujaulizwa.

La pili ni daftari, na hili ndilo litakalotuonyesha kama chanzo ni kazi. Kuna kifaa kidogo cha plastiki cha kupimia nguvu ya pumzi, chenye mshale unaosogea ukipuliza. Famasia kubwa huwa nacho. Unasimama wima, unavuta hewa mpaka mwisho, unafunga midomo kwenye mdomo wa kifaa, unapuliza mara moja kwa kishindo kama unazima mshumaa ulio mbali. Fanya hivyo mara tatu, andika namba kubwa. Upime angalau mara nne kwa siku: ukiamka, mchana, jioni, na kabla ya kulala, kwa muda wa wiki nne, siku za kazi na zisizo za kazi. Pembeni andika siku hiyo ulifanya nini: ulimwaga magunia, ulikanda, ulifagia, ulikuwa nyumbani. Na ukitumia pampu ya bluu, andika saa.

Wiki nne hizo zigawanye. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka, zikiwemo sikukuu zinazoangukia humo. Kama bado hujaitumia ya mwaka huu, omba angalau siku 14 zake, baada ya wiki mbili za kupima ukiwa kazini. Kisha chora mstari. Ukiona namba zinacheza 260, 280, 250 wiki za kazi, halafu zinapanda hadi 360 na 380 ukiwa likizo na kutulia huko, daktari yeyote mwenye macho ataelewa. (Namba hizi ni mfano tu; zako zitategemea urefu na umri wako.) Zisipobadilika, tutarudi kutazama nyumbani, nami nitakuwa nimekosea kuhusu unga. Kipimo cha mzio wa ngano cha ngozi au damu kipo pia, na kikipatikana kinasaidia, lakini daftari hili ni la kwako na huhitaji kusubiri rufaa kulianza.

Usiache kazi kabla daftari halijajaa. Ukiondoka leo, tutakosa ushahidi, na wewe utakuwa umekosa mshahara kwa dhana.

Sasa pampu. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu hili linanitia hofu kuliko unga wenyewe. Pampu ya bluu ina mivuto 200. Kuimaliza kwa mwezi ni karibu mivuto saba kila siku. Mtu anayemaliza tatu au zaidi kwa mwaka tayari yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata shambulio kali. Anayefikia 12, hatari ya kufa na pumu nayo inapanda. Wewe uko kwenye 12. Ventolin yenyewe haikuui. Kasi unayoimaliza ndiyo inayotuambia kwamba ndani kuna uvimbe unaoendelea na hakuna anayeutibu.

Chukua mtu mwenye homa ya malaria. Ukimpepea atapata nafuu, na kumpepea si kosa, lakini malaria iko pale pale. Salbutamoli inalegeza misuli iliyokaza njia za hewa, basi. Uvimbe wa ukuta wa njia hizo unatibiwa na dawa nyingine, steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni au budesonidi. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unasema wazi kwamba mtu mzima mwenye pumu asitibiwe kwa salbutamoli peke yake. Kuna pampu moja yenye budesonidi na formoteroli pamoja, inayofungua na kutibu kwa mvuto mmoja, nayo ndiyo inayopendekezwa zaidi; tatizo ni bei na upatikanaji. Ukiikosa, beklometasoni kila siku, na ya bluu ya akiba mfukoni, itakufikisha mbali. Nenda wiki hii, useme hivi: "Namaliza Ventolin moja kwa mwezi na sina pampu ya kutibu uvimbe." Atakayekusikia akakupa Ventolin nyingine tu, tafuta mwingine.

Na jirani yako? Anakutakia mema, lakini pampu haizoeleki kama anavyofikiri. Mwenye sukari hatuambii amezoea insulini. Kinachotokea ni kwamba ugonjwa usiotibiwa unadai nafuu mara nyingi zaidi, watu wanaona mkono unaenda kwenye pampu kila saa, wanasema amezoea. Habasoda na asali kunywa kama unapenda, visichukue nafasi ya dawa. Ninachokukataza kabisa ni vile vidonge vidogo vya prednisoloni au deksametasoni vinavyouzwa madukani bila cheti. Siku chache kwa maelekezo ya daktari vinaokoa maisha. Kwa miezi vinapandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa, na kwenye nchi zetu kuna mnyoo mmoja, strongiloidi, unaoweza kukaa mwilini miaka bila dalili kisha ukalipuka mtu anapotumia steroidi za kumeza. Steroidi ya kuvuta ni kiasi kidogo kinachoishia kifuani. Kero yake kubwa ni fangasi mdomoni na sauti kukwaruza, na ukisukutua na kutema maji kila baada ya kuvuta unaikinga.

Sasa namna ya kuvuta pampu: kwa watu wengi dawa inaishia kooni badala ya kufika kifuani, kwa hiyo jitengenezee chupa ya kuivutia. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, safi na kavu. Pinda waya ufuate umbo la mdomo wa pampu yako, upashe moto, ugandamize kwenye kitako cha chupa mpaka ukate tundu la umbo lile lile. Pampu iingie kwa kubana, hewa isivuje. Midomo yako unaifunga kwenye shingo ya chupa. Tikisa pampu, toa hewa yote kifuani, bonyeza mara moja, vuta polepole na kwa kina, shikilia pumzi ukihesabu mpaka kumi. Ukihitaji mvuto wa pili, anza upya. Usibonyeze mara mbili kwa mpigo. Chupa ya namna hii ilipimwa Cape Town kwa watoto waliobanwa, majibu yakatoka mwaka 1999, na ilifanya kazi sawa na kile kifaa cha dukani cha kuvutia pampu, kiitwacho spacer.

Siku utakapobanwa sana: mivuto minne hadi kumi ya bluu kupitia chupa hiyo, mmoja mmoja, na unaweza kurudia kila baada ya dakika 20 kwa saa ya kwanza huku safari ya hospitali inaanza. Usisubiri kuche ikiwa huwezi kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi, midomo inabadilika rangi, au nafuu ya dawa haidumu hata kwa muda wa saa nne. Mwambie hivyo na yule mnayelala naye nyumba moja, kwa sababu saa hiyo wewe hutaweza kueleza.

Nirudi bekari. Daftari likithibitisha unga, ukweli ni huu: wanaopona zaidi ni wale wanaoachana na chanzo mapema, pumu ikiwa bado changa. Kati ya wanaoondoka, takribani theluthi moja hupona kabisa. Wengi waliobaki hupungukiwa na dalili na dawa. Anayebaki kwenye vumbi miaka mingine mitano akitegemea dawa tu anajipunguzia nafasi hiyo. Wewe una karibu mwaka na kitu tangu kifua kianze, kwa hiyo nafasi yako bado ni nzuri, na ndiyo sababu nakuharakisha.

Kuachana na chanzo si lazima kuwe kuacha ajira. Omba kuhamia kwenye kufungasha, mauzo au hesabu, chumba kingine na si kona nyingine ya chumba kile. Wakati mnajadiliana, vumbi lipungue kwa wote: gunia lifunguliwe chini kabisa ndani ya chombo badala ya kumwagwa kutoka begani, mashine ya kukandia ifunikwe na ianze taratibu mpaka unga ulowe, meza ipakwe mafuta badala ya kunyunyiziwa unga, sakafu isifagiliwe kavu, ipigwe deki, magunia matupu yasikung'utwe. Leso, kitenge au barakoa nyepesi ya bluu havizuii vumbi hili. Barakoa ya N95 iliyobana vizuri usoni inasaidia, ila kwa mtu ambaye tayari ana mzio si suluhisho la kudumu. Na mkate, kula bila hofu: karibu wote wenye pumu hii huuvumilia mkate uliookwa, kinachowadhuru ni vumbi wanalovuta.

Una haki zako pia. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inahusu na magonjwa yanayotokana na kazi, si ajali tu, na Mfuko wa Fidia, WCF, unafanya kazi tangu mwaka 2015. Mwajiri ndiye anayechangia. Kwako hakikatwi hata shilingi. Daktari akishaandika kwamba pumu yako imetokana na kazi, mwajiri anapaswa kutoa taarifa, na wewe mwenyewe unaweza kufika ofisi ya mfuko kuuliza. Ukaguzi wa vumbi ni kazi ya OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Najua si rahisi kumwendea mwenye bekari na maneno haya ukiwa na ada za watoto kichwani. Anza na mchoro wa daftari, maneno yatafuata. Na waulize wenzako wa upande wa kukanda, nani anapiga chafya tangu asubuhi. Mara nyingi mgonjwa hawi mmoja.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kabla ya namba yoyote, andika tarehe uliyoondoka kwenda Songea, usiku wa kwanza uliolala bila kukohoa, tarehe uliyorudi kazini, na usiku wa kwanza saa tisa ilipokuamsha tena. Hayo umpe daktari ayasome kabla hajakupima kifua.